Dungu Imara Ni Zana ya Kilimo



Mtu alimaye kwa bidii tangu kufyeka hata palizi, kisha akaliacha shamba bila mlinzi, amewalimia nguruwe. Hilo kila mtu wa Uzaramo alijua. Neno langu ni juu ya dungu lenyewe. Wengi wetu hulijenga jioni moja, mahindi yakiwa yamekwisha kubeba, kwa fito chache na nyasi kidogo, nao hulala humo chini kabisa. Mimi nasema desturi hiyo yafaa iachwe.

Nguruwe hufuata mazao, na simba humfuata nguruwe. Wataalamu walihesabu watu 563 waliouawa na simba katika Tanzania tangu mwaka 1990 hata 2004, na mashambulio yalizidi miezi ya mavuno, Machi hata Mei, ndiyo miezi ambayo watu hulala mashambani. Jirani zetu wa Rufiji walipatwa na msiba huo miaka ya 2002 hata 2004. Na pasipo simba, nyoka na mbu hawakosekani.

Basi, wakati wa kufyeka msichome miti yote. Tengeni miti minne yenye panda, iliyonyooka, pamoja na fito nyingi, mkaviweke penye kivuli. Nguzo zifukiwe kwa kina cha dhiraa moja na nusu, na ulili wa fito ukae juu kupita kimo cha mtu. Kuta zizungushwe fito zilizofungwa karibu karibu, kwa kamba za magome au za makumbi. Paa la makuti liwe na mteremko mkali ili maji yasitulie. Mlango uelekee kaskazini, maana katika masika upepo wa kusi huja na mvua. Ngazi ivutwe juu usiku, na moto uwashwe mbali na nguzo. Msisahau chandarua.

Yuko atakayesema, “Kazi yote hii kwa miezi miwili tu?” Namjibu: shamba ni chakula cha mwaka mzima, na mlinzi ni baba au mwana wa mtu. Tena, watu watatu wenye mashamba yaliyopakana waweza kujenga dungu moja na kulinda wawili wawili kwa zamu. Hapo kazi itapungua, wala mtoto hatakesha peke yake akagonga debe, asubuhi akasinzia shuleni.

Jembe bovu hulikubali nani? Na dungu bovu lisikubaliwe.