Radiyumu ya Shinkolobwe inarudia kuwa dawa: sisi tutapata nini?

Ndugu mumoja wa sendika yetu alikuja kwangu na karatasi ya lupitalo mukononi. Baba yake, muzee mwenye alitumika miaka 29 chini ya udongo, anagonjwa kansere ya prostati, kiungo kidogo chenye kuwa chini ya kibofu cha mukojo, na ile kansere imekwisha kufika mu mifupa. Kwenye karatasi munganga aliandika maneno machache tu: mugonjwa atumwe inje, ku lupitalo yenye iko na medesini nikleere. Ndugu akaniuliza: «Shefu, hii medesini nikleere njo kitu gani? Na feza yake, kampani italipa?»

Sikukuwa na jibu. Nilimuomba siku chache, nikaenda kuuliza wanganga, nikasoma kila kitu chenye nilipata. Nilifikiri nitasoma habari za Ulaya na Marekani tu. Lakini njia ilinirudisha hapa kwetu, karibu na Likasi, ku shimo la Shinkolobwe. Ndiyo sababu ninaandika leo, juu habari hii inatuhusu sisi wenye kuchimba kuliko vile tunafikiri.

Tuanze na dawa yenyewe. Wengi tunasikiaka «mionzi» na tunaogopa, na woga ule uko na sababu: mionzi mingi inaletaka kansere. Sasa itatibu kansere namna gani? Wenzangu wenye kutumika na baruti wataelewa mbio. Baruti ukiiweka juu ya jiwe, inapiga makelele na kutupa vumbi, mwamba unabaki. Ukitoboa tundu na kuiingiza ndani, kidogo tu inapasua mwamba, na mutu mwenye kusimama mbali hapati kitu. Dawa hizi zinafuata ile akili. Mutu anakunywa kidonge ao anachomwa sindano, dawa inatembea na damu mpaka inafika penye kansere iko, inashikamana nayo, na mionzi yake inapiga pale pale. Mionzi ya lutesiumu inaenda milimetre chache tu.

Dawa ya kwanza ya namna ile si mupya. Mwaka 1941, kule Boston mu Marekani, munganga Saul Hertz alimupa mugonjwa wa tiroide iyode yenye mionzi. Tiroide ni kiungo cha shingo, na kinapenda iyode. Ndiyo sababu tunaambiwa tukule chumvi yenye iyode. Kikikula iyode yenye mionzi, chembe zake za ugonjwa zinakufa. Tangu miaka ile, iyode 131 inatibu watu wa tiroide na wa kansere ya tiroide mu inchi nyingi. Na wenye wanaipata zaidi ni wamama, juu ugonjwa wa tiroide unakamata wanamuke kuliko wanaume.

Ya pili inaitwa lutesiumu 177, na hii njo inaangalia muzee wetu. Lutesiumu inafungwa pamoja na kitu kingine chenye kinajua alama moja juu ya chembe za kansere ya prostati, sawa kamyo yenye iko na adrese. Mu uchunguzi mukubwa wenye ulitangazwa mwaka 2021, wanaume 831 wenye kansere imesambaa walifuatwa. Kwa wale wenye walipata lutesiumu, nusu walipita miezi 15,3. Kwa wale wenye walipata matunzo ya kawaida tu, nusu walipita miezi 11,3. Ni miezi 4 hivi. Ninaandika hesabu hii wazi ili mutu asiuze nyumba akifikiri baba yake atapona kabisa. Lakini miezi 4 ya kukaa na watoto, maumivu ya mifupa yakipunguka, hakuna mutu mu cité atasema ni bure.

Sasa bei. Marekani ilikubali dawa ile mwaka 2022, na kule dozi moja inapita dola 40 000. Mugonjwa anaweza kupewa dozi 6. Tufanye hesabu wenyewe, tukiwa na bulletin ya mushahara mukononi.

Hapa njo tunafika Shinkolobwe. Wote tunajua kama uraniumu ya kule iliingia mu bombe ya Hiroshima. Lakini mwanzoni, watu walichimba Shinkolobwe juu ya kitu kingine: radiyumu. Mwaka 1915 Muingereza Robert Rich Sharp aligundua mawe yale. Tangu mwaka 1922, Union Minière ilitoa radiyumu ndani yake kule Olen mu Ubelgiji. Mpaka Kanada ilipoanza kutoa yake mu miaka ya 1930, sehemu kubwa sana ya radiyumu ya dunia ilitoka mu mikono ya babu zetu. Radiyumu ile iliwekwa mu sindano na mirija midogo, na wanganga waliitumia kupiga kansere. Mwaka 1929 wamama wa Marekani walimukusanyia Marie Curie dola 50 000 za kununua gramu moja kwa ajili ya lupitalo ya Warsaw mu Poland, na gramu ile ilinunuliwa Ubelgiji, juu pale bei ilikuwa chini. Wagonjwa wa Warsaw walitibiwa na jiwe la Katanga. Mu kambi za watumishi wa hapa, ni nani alijua?

Kisha wakati, radiyumu iliachwa. Ilikuwa na hatari, kobalti 60 ikachukua nafasi yake. (Kobalti yetu mu jiwe haina mionzi, inaipata kisha kuingizwa mu reakta.) Sindano za zamani zikafungwa mu masanduku ya risasi, mu magala ya lupitalo za dunia nzima, sawa takataka zenye hakuna mutu anapenda.

Lakini radiyumu haikufi mbio. Inachukua miaka 1600 ili nusu yake iishe. Ile yenye ilitoka Shinkolobwe karibu miaka 100 iliyopita, ni kama 4 tu juu ya 100 yenye imeisha. Ingine yote ingali hai. Na leo wenye elimu wamegundua kama radiyumu ile inaweza kugeuzwa kuwa aktiniumu 225, dawa yenye kupiga chembe za kansere kwa nguvu kupita lutesiumu. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, AIEA, lilianzisha mupango wa kukusanya sindano zile za zamani na kuziunganisha na wenye wanaweza kuzitumia. Ubelgiji, kule Mol, si mbali na Olen, kampani moja ilianzishwa mwaka 2022 kwa kutengeneza aktiniumu kutoka kwa radiyumu. Takataka ya jana imekuwa mali tena.

Ninajua mawazo yenye mengine wetu wataanza kupata wakisoma hivi. Ninawaomba: musirudie Shinkolobwe. Leta ililifunga shimo lile mwaka 2004, na mwaka ule ule liliangukia wachimbaji wakakufa. Radiyumu yenye inatafutwa leo ni ile yenye imekwisha kusafishwa, iko mu masanduku ya lupitalo. Mutu mwenye atawaambia anunue mufuko wa mawe ya kule «juu ya dawa ya kansere», ni mudanganyifu. Vumbi lile mutalileta mu nyumba, mu nguo, mu mapafu ya watoto.

Basi, kama dawa ziko, sababu gani hazifiki kwetu? Wengi watajibu: feza. Ni kweli, lakini kuna kitu mbele ya feza: saa. Dawa hizi zinakufa njiani. Iyode 131 inapoteza nusu ya nguvu yake kila siku 8. Lutesiumu, karibu siku 7. Aktiniumu, siku 10. Hauwezi kuziweka mu depo ukingojea mugonjwa. Zinatengenezwa, zinapandishwa ndege, na mugonjwa lazima akuwe amekwisha kulala ku kitanda. Ndege ikikosa, dawa imekufa. Dawa ya namna hii haiwezi kusimama mu mustari wa Kasumbalesa na kamyo zetu za shaba.

Lakini angalia karte. Reakta kubwa yenye kutoa dawa hizi mu Afrika iko Pelindaba, karibu na Pretoria. Inaitwa SAFARI-1, inatumika tangu 1965, na iyode yake inauzwa mu inchi nyingi. Kutoka Johannesburg mpaka Lubumbashi ni masaa machache ya ndege. Na pale pale Pretoria, ku lupitalo Steve Biko, profesa Mike Sathekge na wenzake wako kati ya watu wa kwanza mu dunia wenye walitibu kansere ya prostati na aktiniumu; mwaka 2020 waliandika habari ya wagonjwa 73. Kwa hiyo tusiseme tena hii ni kazi ya wazungu. Waafrika wanaifanya, mu inchi yenye shaba yetu inapita kila siku kwenda ku bahari.

Wengine wanasema tungojee Kinshasa. Ni kweli, Kongo ilikuwa ya kwanza mu Afrika kuwa na reakta, mwaka 1959, ku université ya Lovanium. Lakini ile yenye ilifuata, TRICO II, imesimama tangu 2004. Mugonjwa hawezi kungojea mashine yenye imelala miaka zaidi ya 20. Tena reakta haiko lazima ili kutibu. Inchi nyingi zinanunua dawa na kuzipokea tu. Chenye kiko lazima ni vyumba vyenye kuta nene na choo chake, chombo cha kupima mionzi, na watu: munganga, mufarmasi, mufizisia, wenye wamesoma kazi hii. Watu njo wanakosa kupita mashine.

Mwezi wa pili mwaka 2022 AIEA ilitangaza mupango wa kusaidia inchi masikini ku mambo ya kansere, na Kongo iliandikwa kati ya inchi za kwanza. Wakati ule shirika lilisema inchi zaidi ya 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja ya kupiga kansere na mionzi. Ni mwanzo muzuri. Lakini sisi watu wa sendika tunajua ahadi ni nini. Zambia, jirani yetu, ilifungua lupitalo yake ya kansere Lusaka mwaka 2007, na watu wa Lubumbashi wanavuka mupaka kwenda kule. Wao hawana mali ya udongo kutupita.

Mu mukutano wetu, rafiki mumoja alinikatalia. Alisema: «Mu kambi hakuna maji, wamama wanazalia mu giza, na wewe unatuletea nikleere?» Maneno yake ni ya haki, na sitayaruka. Kodi ya mine ya mwaka 2018 inasema kampani itoe 0,3 juu ya 100 ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye kukaa karibu na mine. Feza ile ni ya maji, ya materinite, ya masomo, na ikae pale. Sitaki hata franga moja itoke kwa mama mwenye kuzaa. Lakini kulipia masomo ya vijana wachache kunaweza kugawanywa kati ya kampani zote za Lualaba na Haut-Katanga, inje ya feza ile, na hakuna hata moja itasikia uzito.

Ninachoomba ni mambo matatu, na nitayapeleka wakati wa kuongea konvansio yenye inakuja. La kwanza, tuanze chini: iyode 131 ya tiroide mu lupitalo moja ya Leta hapa Lubumbashi, mbele ya kuota lutesiumu na aktiniumu. Ni dawa ya zamani, bei yake ni ndogo kabisa kuliko zile mpya, na mwenye kuizoea anakuwa tayari kwa zingine. La pili, kansere iandikwe mu konvansio kwa jina lake, kwa mutumishi, kwa bibi yake, na kwa mwenye amepata pansio, pamoja na safari ya inje kama hapa dawa hakuna. La tatu, vijana wetu wenye wamesoma mambo ya fizike na farmasi watumwe Pretoria kujifunza, na waandike mukataba wa kurudia.

Na muzee? Kampani yenye alitumikia ilijibu kwa barua ya mistari mitatu: safari za inje haziangalie watu wa pansio. Hatujaikubali barua ile, na mwezi huu tunarudi kwa biro yao na wanganga wawili. Wakati tunangojea, familia imekusanya feza ya safari moja tu, ya kwenda kupigwa picha. Juu lazima waone kwanza kama kansere yake iko na ile alama. Si kila kansere iko nayo, na pasipo alama lutesiumu haitamusaidia kitu. Munganga alituambia pia jambo lingine, na liliniuma: kama tungejua miaka 6 mbele, operasio ya hapa hapa ingeweza kutosha. Kipimo chenyewe ni damu kidogo tu. Wewe mwenye umepita miaka 50, ao uko na baba mwenye anaamuka mara nyingi usiku kwenda kukojoa, usingoje karatasi sawa ile ikukute. Muulize munganga juu ya kipimo kile.