Usiruke Kitabu cha Pili

Msomaji wangu, kama wewe na mwenzio mmenuniana tangu jana, basi likamateni jarida hili wote wawili, maana mwezi huu nina maneno na nyie.

Kuna ujumbe umenifikia kutoka Ngorongo, kule Rufiji. Aliyeuandika ni mwalimu, jina lake nalihifadhi. Mkewe anafanya kazi Dar es Salaam. Ndoa yao ina miaka sita na mtoto mmoja, na kwa miaka miwili sasa wanaonana mwisho wa mwezi tu, tena mvua ikiruhusu. Huyo mama ni mgonjwa wa vitabu vinene vya mashujaa, mapanga na mazimwi. Akampa mumewe vitabu vitatu vya The Lord of the Rings, akamwambia: soma mume wangu, tupate cha kuongea kwenye simu zaidi ya ada na kodi ya nyumba. Mwalimu wa watu cha kwanza kakimaliza kwa wiki moja. Cha pili kimemshinda, kila akikishika anasinzia. Sasa ananiuliza maswali mawili kwa mpigo: je, anaweza kukiruka aende cha tatu moja kwa moja? Na hivi ndoa nayo ikifika mahali kama hapa, ndiyo imekwisha?

Mwalimu, maswali yako ni mawili lakini jibu ni moja, kwa hiyo nivumilie. Na nyie ambao hamjasoma wala kuiona sinema yake ya mwaka 2002, mniwie radhi, leo namwaga mtama.

Tuanze na ukweli. Kitabu cha pili, The Two Towers, kina kazi ngumu kuliko wenzake. Hakina utamu wa mwanzo, ambapo kila kitu ni kipya na kila mgeni ana siri yake. Hakina raha ya mwisho, ambapo mfalme anavishwa taji na watu wanaoana. Kinaanza safari ikiwa imeshaharibika, kinakwisha mambo yakiwa yananing'inia. Na sababu ipo. J. R. R. Tolkien hakuandika vitabu vitatu. Aliandika hadithi moja ndefu. Wachapishaji wake wa London, Allen & Unwin, ndio walioikata vipande vitatu, kwa sababu baada ya vita kuu ya pili karatasi ilikuwa ghali na waliogopa hasara. Hata jina lenyewe lilimsumbua mzee wa watu. Ni minara miwili, sawa, lakini ipi? Ndani ya hadithi kuna minara zaidi ya miwili, na mwandishi mwenyewe alibadilisha mawazo.

Cha kwanza kilitoka Julai 1954, cha pili Novemba mwaka huohuo, cha tatu Oktoba 1955. Hebu fikiria wasomaji wa wakati ule. Wanafika ukurasa wa mwisho wa kitabu cha pili, Frodo yu hai lakini katekwa na maadui, rafiki yake Sam kaachwa nje ya lango. Halafu basi. Miezi kumi na moja ya kusubiri! Wewe mwalimu cha tatu unacho kitandani, na bado unalalamika.

Sasa tazama kilichomo. Kitabu cha kwanza kilikuwa na kundi la watu tisa wanaotembea pamoja, wanakula pamoja, wanacheka pamoja. Hizo ndizo enzi za uchumba, tunazijua. Cha pili kinapoanza, kundi limevunjika. Nusu ya kwanza ya kitabu inawafuata wale wanaokimbia kuwaokoa wenzao waliotekwa, wakaishia kwenye vita ya usiku kucha ndani ya ngome. Nusu ya pili inawafuata Frodo na Sam, wawili peke yao, wanapita kwenye matope na miamba kuelekea nchi ya adui. Hakuna simu wala meseji. Upande huu haujui kama upande ule bado unapumua. Na kila upande unaamini mzigo mzito kuliko yote umeubeba wenyewe.

Unaona tunakokwenda? Wewe uko Ngorongo na mitihani ya kusahihisha, maji ya kuteka, na usafiri unaokatika barabara ikigeuka tope. Yeye yuko Dar na foleni, bosi, mtoto mwenye homa saa nane za usiku. Mkipigiana simu kila mmoja anasimulia nusu yake, na moyoni anasema, huyu mwenzangu anakula raha. Msomaji wa kitabu ana bahati moja: anaziona nusu zote mbili. Waliomo ndani wanaiona moja tu. Mimi naamini ndoa nyingi hazifi kwa sababu mapenzi yameisha. Zinakufa kwa sababu kila mtu amesoma nusu yake ya kitabu akadhani ndiyo kitabu kizima.

Tolkien alilijua hilo. Alipokuwa akiandika nusu ya pili, mwaka 1944, alihangaika sana kuhakikisha mwezi unaoonekana upande wa Frodo unalingana na ule wa upande wa vita, kwa sababu ni siku zilezile na mbingu ileile. Na sikiliza hili, ndilo linalonigusa kuliko yote. Mwaka huo mwanawe Christopher alikuwa Afrika Kusini akijifunza urubani katika jeshi la anga la Uingereza. Mzee yuko Oxford, mtoto kavuka bahari, dunia inawaka moto. Kazi ya kitabu ilikuwa imelala kwa muda mrefu. Akaishika tena, na kila alipomaliza sura ilipigwa chapa ikatumwa kwa barua hadi kwa kijana. Maana yake, kipande hicho kinachokusinzisha, mwalimu, mtu alikiandika huku akimtumia mpendwa wake aliye mbali, sura baada ya sura. Hakusubiri hadithi ikamilike ndipo aitume.

Basi ni nini kinachowafikisha Frodo na Sam? Upanga? Hapana. Sam amebeba sufuria. Amebeba na chumvi kidogo, ameificha kwenye mzigo wake tangu nyumbani. Wakiwa njiani kwenda kwenye kifo anapika sungura wawili wakachemka wakaiva, ili mwenzake ale kitu cha moto. Moshi wa moto wake ukawaponza, wakakamatwa na askari, lakini chakula kilishaliwa. Baadaye, kwenye ngazi za mlima karibu na pango, wanakaa kupumzika na Sam anawaza kwa sauti. Anasema mashujaa wa hadithi za zamani nao walikuwa na nafasi nyingi za kugeuka na kurudi, ila hawakugeuka. Waliogeuka hatuwajui, kwa sababu hawakusimuliwa.

Sisi watu wa pwani hilo si geni kwetu. Mkumbuke Fumo Liyongo. Ni sifa zake za nguvu na upinde tunazozipenda, lakini katikati ya hadithi shujaa yumo gerezani, kafungwa pingu, hana la kufanya. Aliyemtoa ni mama yake, kwa mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Mikate mizuri walinzi waliila wenyewe, ule wa makapi wakamwachia mfungwa. Kijakazi Saada ndiye aliyekuwa akienda na kurudi na chakula. Katikati ya hadithi, mtu hutolewa na yule aliyekumbuka chakula.

Na wewe, mwalimu, umezungukwa na mabingwa wa kitabu cha pili. Waulize wazee wa hapo kijijini. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika, na baada ya hapo serikali ikawahamisha watu kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa kwenye miinuko. Nyumba zikaenda juu, mashamba yenye rutuba yakabaki bondeni. Tangu hapo familia nyingi zikawa za sehemu mbili. Msimu wa kilimo mtu anahamia shambani, analala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, wiki baada ya wiki, analinda mpunga na mahindi yasiliwe na nguruwe pori, nyani na ndege. Watoto wanabaki kijijini kwa ajili ya shule. Maji yakizidi, kama Aprili 2024 yalivyosomba mashamba ya Rufiji na Kibiti, mlinzi wa dungu anarudi mikono mitupu. Muulize mama aliyekaa dungu miaka thelathini ndoa yake ilidumuje. Hatakuhadithia maua. Pengine atakuambia nani alikuwa anamletea unga na chumvi, na siku gani.

Lakini ngoja, nisieleweke vibaya. Sisemi kila shida ivumiliwe. Ndani ya kitabu hichohicho yumo Gollum, msindikizaji mpole anayejua njia zote za mkato, anayewaita bwana, bwana. Kumbe anawapeleka kwenye pango la buibui. Ugumu wa safari ni kitu kimoja, na mwenzio anayekuuza ni kitu kingine kabisa. Kama unapigwa, unatukanwa mbele ya watoto, au pesa zako zinaliwa na nyumba ndogo, hicho si kitabu cha pili cha mtu yeyote. Hilo ni pango. Toka, na omba msaada wa kutoka. Kinachovumiliwa ni mzigo mnaoubeba wawili, hata kama kila mtu yuko upande wake wa mto.

Kwa wale wenye mzigo wa namna hiyo, nina matatu ya kufanya mwezi huu. Moja, someni sura ileile usiku uleule, hata kurasa tano tu, kisha mpigiane. Si lazima kiwe kitabu hiki, chagueni mnachokipenda. Mbili, kabla ya kugusa ada na kodi, kila mmoja asimulie nusu yake ya siku na mwenzie asikilize bila kusema "afadhali wewe". Hilo neno "afadhali wewe" limevunja nyumba nyingi kuliko mahawara. Tatu, beba chumvi. Jua kitu kimoja kidogo kinachompa mwenzio nguvu, kifanye bila kuombwa. Kifurushi cha korosho kwa kondakta wa basi, sauti ya mtoto akisoma shairi, vocha ya simu siku asiyoitarajia.

Kwa hiyo mwalimu, cha tatu usikiguse. Anza nusu ya pili, pale Frodo na Sam wanapotafuta njia kwenye miamba, maana wewe tabia ya kutembea na mzigo unaijua. Halafu leo usiku mwambie mama watoto umefika ukurasa gani, umuulize na yeye yuko ukurasa gani katika siku yake.

Na wewe msomaji, mwenzio ana nusu ipi ambayo hujawahi kuisoma? Niandikie. Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda.