Panda kwa Pesa Zako

Ujumbe huja mwisho wa mwezi, wakati mshahara umeingia na landilodi bado hajaukula. Kuna picha ya mlima wenye theluji, nembo tatu za kampuni na namba ya Paybill. Mtu tunayemjua ameamua kupanda Mlima Kenya, au Kilimanjaro kama ana likizo ndefu, ili kuchangia watoto wenye saratani. Mwezi uliopita ilikuwa visodo vya wasichana. Mwezi ujao itakuwa kisima. Lengo ni milioni moja, na chini kabisa wameandika kwamba hakuna mchango mdogo.

Mimi sina neno na mlima. Sina neno na watoto wala na kisima. Nina neno na ile "ili" iliyokaa katikati. Napanda ili kuchangia. Nani amesema kimoja kinaleta kingine? Mtoto aliyelala wodini hapati damu kwa sababu wewe umefika Lenana. Anapata damu kwa sababu mtu ametoa damu, na anapata dawa kwa sababu mtu ametoa pesa. Anayetaka kupanda mlima apande kwa pesa zake, na anayetaka kumchangia mgonjwa amchangie mgonjwa. Ukiviunganisha bila kusema nani analipia nini, mgonjwa anageuka kuwa tiketi yako ya likizo.

Hebu tupige hesabu, ile ya kibandani tu. Tuseme watu 20 wa ofisi moja ya Westlands wanapanda Mlima Kenya kwa siku nne kupitia Sirimon. Kuna kiingilio cha hifadhi, gari la kwenda na kurudi Nanyuki, mwongozaji, mpishi, wapagazi, chakula, hema, jaketi la kukodi. Tuseme kila mtu anagharimu 30,000, na hapo sijaweka kijana wa droni. Jumla ni 600,000. Kama gharama hiyo inatoka kwenye ile milioni moja ya mchango, basi mia tano yako ikifika hospitali imebaki mia mbili. Mia tatu imekunywa supu kambini Shipton's, mita 4,200 juu ya bahari.

Utaniambia hapana, gharama imelipwa na kampuni. Sawa, hiyo ni afadhali. Lakini kama kampuni ilikuwa na laki sita za kutumia, mbona hazikwenda moja kwa moja kwa wale watoto, kisha wafanyakazi wakaambiwa waongezee? Jibu unalijua. Ukituma laki sita hospitalini unapata risiti. Ukipeleka watu 20 mlimani wamevaa tisheti za rangi moja, unapata picha za kuposti hadi Krismasi. Hayo ni matangazo, na matangazo si dhambi. Ila bili ya matangazo isipitishwe kwa mlango wa hisani, halafu mimi na wewe tuombwe kuijazia.

Huko Uingereza biashara hii imekomaa kabisa. Shirika la hisani linaungana na kampuni ya utalii, wewe unalipa ada ya kujiandikisha, halafu unaahidi kukusanya kiwango fulani cha chini. Mara nyingi sehemu ya kiwango hicho ndiyo inayolipia safari yako ya Kilimanjaro. Safari yenyewe ya siku saba si rahisi kuipata chini ya dola 1,500, kabla ya nauli ya ndege. Kwa hivyo shangazi ya mtu huko Leeds anatoa pauni 20 akidhani ananunua chandarua, kumbe amenunua kipande cha hema.

Sisi hatukuhitaji kuiga hilo. Tulikuwa na harambee. Neno lenyewe liko kwenye ngao ya taifa, na Jomo Kenyatta alilifanya wito wa nchi nzima 1963. Najua harambee imeharibiwa. Wanasiasa waliigeuza jukwaa la kurusha pesa ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi, mpaka baada ya maandamano ya Juni 2024 Rais akatangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena. Lakini chini ya uchafu huo wote kulikuwa na kanuni moja safi: anayesimama mbele hutoa kwanza, na hutoa zaidi. Mgeni rasmi hawezi kuja na bahasha tupu halafu aombe watu wamlipie mafuta ya gari.

Karo iliponiishia nikiwa mwaka wa pili chuoni, mama aliita mchango katika ukumbi wa kanisa. Aliyeuongoza alikuwa mjomba wangu, fundi wa kushona nguo. Kabla hajafungua mdomo aliweka 5,000 mezani, noti za mia mbili mia mbili, za kazi. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza kama yuko serious. Mama mboga akatoa 300, mwenye bodaboda akatoa 200, na kila jina likasomwa na kuandikwa kwenye kitabu. Pesa hazikutosha, nikaacha chuo, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Ninachotaka uone ni utaratibu. Hakuna shilingi ya watu wale iliyolipia raha ya yeyote. Hata soda tulinunua sisi wenye shida.

Sasa linganisha na mpandaji wetu. Yeye anasimama mbele, lakini hatoi kwanza. Anachukua kwanza. Anachosema anatoa ni jasho, kichwa kuuma, usiku wa baridi. Eti mateso yake ndiyo mchango wake.

Hapo ndipo hoja inapooza. Mtu anayepanda kwa hiari anajua tarehe ya kushuka. Ugonjwa wa mwinuko ukimkamata, tiba ya kwanza inajulikana: ateremshwe. Kuna mwongozaji wa kumtazama midomo kama imebadilika rangi, na kuna watu wa kumbeba hadi getini. Mtoto aliye kwenye matibabu ya saratani hana geti la kushukia. Mama yake aliyelala chini ya kitanda cha wodi hajui kama ni wiki mbili au miezi minane. Kuandika kwamba unapanda "ili kuhisi wanachohisi" ni maneno ambayo ningependa uyasome kwa sauti mbele ya huyo mama, umtazame machoni, halafu umwonyeshe namba ya Paybill.

Na kama kweli unataka kuona mateso mlimani, geuza shingo. Nyuma yako kuna mpagazi.

Kwenye Kilimanjaro wanaitwa wagumu, na jina hilo halikutokana na utani. Mpandaji mmoja kwa kawaida hufuatana na wapagazi watatu au zaidi. Wanabeba hema lako, chakula chako, mtungi wa gesi, meza na viti, na siku hizi hata choo cha kubebeka. Kanuni za hifadhi zinasema mzigo usizidi kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Asubuhi wewe unatangulia na kibegi cha maji na biskuti, wao wanakunja kambi. Saa mbili baadaye wanakupita njiani wakiwa na mizigo kichwani, na ukifika jioni hema limesimama na chai inachemka. Huko Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanzishwa 2003, na moja ya kazi zake ni kuwaazima nguo za mlimani bure. Fikiria hilo pole pole. Kwenye mlima wa mita 5,895, ambako mgeni kutoka Ulaya hulipa dola 70 kwa siku kama ada ya hifadhi kabla ya kodi, anayebeba mzigo wa mgeni anaazimwa jaketi. Baadhi ya wenzake wamefia huko juu.

Usiku wa kilele, ukitoka kambi ya Barafu karibu saa sita kuelekea Uhuru, wengi wa wapagazi hubaki kambini. Ndiyo maana hawamo kwenye picha ya lile bango. Picha ina wewe, rafiki zako, bendera na kitambaa chenye jina la shirika. Mtu aliyebeba kila kitu hadi mita 4,600 na ushei hayumo, na hayumo pia kwenye orodha ya wanaochangiwa. Ana watoto wenye karo. Ana mama mwenye sukari. Anasubiri bahasha ya bahshishi siku ya mwisho, na hapo ndipo mfadhili wetu wa binadamu huanza kunong'ona kwamba bajeti imebana, kwa sababu pesa ni za hisani.

Nchi zetu zinapenda kilele kuliko mtu. Kisoi Munyao ndiye aliyepandisha bendera ya Kenya mlimani usiku wa uhuru 1963. Kila Desemba tulimkumbuka kwa dakika mbili, na alipofariki 2007 alikuwa ameishi miaka mingi na shida za pesa. Picha ya kilele ilitutosha.

Najua kuna mtu ameshaanza kuniandikia jibu, kwa hivyo nimfupishie kazi.

Atasema bila mlima watu hawatoi. Huyo ajikumbushe 2024. Baada ya maandamano ulifunguliwa mchango mtandaoni kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa, na mamilioni ya shilingi yakaingia ndani ya siku chache, mengi yakiwa ya soo na soo mbili kutoka kwa vijana wasio na kazi. Hakuna aliyepanda popote. Watu walipewa sababu, wakatoa, kisha wakadai hesabu hadharani bila haya. Hivyo ndivyo tunavyotoa tukiamini.

Atasema mbona Comic Relief ilifaulu. Ni kweli. Machi 2009 wasanii na watangazaji wa Uingereza, akina Gary Barlow na Cheryl Cole, walifika kilele cha Kilimanjaro na kuchangisha mamilioni ya pauni kwa vita dhidi ya malaria. Sibishi, vyandarua ni vyandarua. Lakini Cheryl Cole alikuwa anaongea na taifa zima kwenye televisheni. Alitoa pesa mifukoni mwa watu ambao hawakumjua wala kumdai. Wewe unaongea na nani? Na watu wale wale 60 wa grupu ya darasa la sekondari. Ni wale wale waliochanga wiki jana kwa bili ya hospitali ya baba yake Otis, na wiki ijayo watachanga kwa mazishi. Wengi wao wana mshahara wa kwanza, wadogo zao wako shuleni, na nyumbani wanapigiwa simu kila tarehe 30. Mfuko ni ule ule. Ile 500 iliyokunywa supu Shipton's ilikuwa na mahali pengine pa kwenda, na pale hapakuwa na picha ya theluji ya kuishindania.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko tisheti. Mwenye shida asiye na mlima hana nafasi tena. Msichana anayehitaji upasuaji na hana binamu wa kupanda Kilimanjaro anatuma picha ya ripoti ya daktari, ikizama chini ya video ya droni. Tumeanza kuwazoesha watu kwamba kutoa lazima kuwe na shoo, na masikini hana bajeti ya shoo.

Kwa hivyo ukitaka pesa yangu, kuna masharti matatu. Moja, safari ilipwe na wewe au bosi wako, na uandike hivyo wazi kwenye ujumbe wa kwanza, si baada ya kuulizwa. Mbili, Paybill iwe ya hospitali, shule au mradi wenyewe, isipitie kwa simu ya mtu, na hesabu itolewe ndani ya mwezi mmoja, pamoja na majina ya waliolipwa. Tatu, sema wapagazi wako wanalipwa ngapi kwa siku. Kama aibu inakuzuia kuandika hiyo namba, basi anza hisani yako hapo hapo, kabla hujafika geti.

Ukitimiza hayo, panda. Panda Batian ukiweza, mita 5,199, na urudi na picha kumi, nitazilaiki zote. Mlima ni mzuri na miguu ni yako, na mtu hahitaji mtoto mgonjwa ili aruhusiwe kupenda milima.

Na huu ndio ujumbe ambao ukiniingia kwa simu sitauliza swali: "Napanda Lenana Desemba, nimejilipia. Bili iliyobaki ni hii hapa, Paybill ni ya hospitali. Mimi nimeanza na 10,000." Ukiutuma huo, soo tano yangu utaiona kabla hujafika Nanyuki.