Mchumaji Chai: Gharama au Sharti?

Mei 2023, waandamanaji walichoma moto mashine za kuchuma chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Mashine tisa za kampuni ya Ekaterra, iliyorithi mashamba ya Unilever, ziliteketea. Mtu mmoja aliuawa katika makabiliano hayo, na wengine, wakiwemo polisi, wakajeruhiwa. Mjumbe wa jopokazi la kaunti lililotoa mapendekezo yake miezi miwili kabla alieleza kwamba ajira 30,000 zilipotea Kericho ndani ya muongo mmoja kwa sababu ya mashine hizo. Makadirio yaliyotolewa wakati huo yalisema mashine moja inaweza kushika nafasi ya wachumaji 100.

Tangu siku hizo mjadala umegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema mashine ziondolewe, mikono irudi. Upande wa pili unasema dunia inasonga, na anayepinga mashine anapinga maendeleo. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya chuma, ilhali kinachoamua maisha ya mchumaji ni hesabu iliyofanywa ofisini kabla chuma hicho hakijashushwa bandarini Mombasa. Hesabu hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Mitambo ya kisasa inayojiendesha, iwe kiwandani, shambani au ghalani, inaweza kuongozwa kwa utaratibu wa kutabiri. Utaratibu huo ulianza kushika mizizi katika viwanda vya kusafisha mafuta miaka ya 1970, na wazo lake si gumu. Dereva wa lori anayeijua barabara ya Salgaa hashiki breki akiwa tayari katikati ya mteremko. Huteremsha gia mapema kwa sababu anajua kinachomsubiri mbele. Mtambo nao hufanya hivyo kwa hesabu. Una kielelezo cha kitu unachokiendesha, unatazama saa au siku kadhaa zijazo, unapima njia zinazowezekana na kuchagua iliyo bora. Kisha hutekeleza hatua ya kwanza tu, hupima hali upya na kupanga tena tangu mwanzo. Katika baadhi ya nyumba za kioo za Westland, Uholanzi, ambako nyanya hukua katikati ya baridi, kompyuta huamua kwa namna hiyo lini dirisha lifunguliwe na joto liongezwe kiasi gani.

Sasa, "njia iliyo bora" ni ipi? Mtambo haujui. Huambiwa na watu, tena huambiwa kwa namna mbili zinazotofautiana sana. Kuna mambo yanayoandikwa kama gharama: gesi, umeme, maji, mshahara. Hayo mtambo huyapunguza kadiri uwezavyo na kuyalinganisha na faida. Na kuna mambo yanayoandikwa kama sharti: joto lisipite kiwango fulani, shinikizo la bomba lisizidi hapa. Sharti halilinganishwi na faida. Hata kama kulivunja kungeleta mamilioni, njia hiyo hutupwa kabla ya kupimwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mtambo unaoingia katika kazi za watu ni hili: binadamu ameandikwa upande gani?

Huko Kericho, ameandikwa upande wa gharama. Mashine zenyewe si roboti. Nyingi bado huongozwa na watu. Mpango unaozitanguliza ndio ulio wa kutabiri. Mchumaji wa mkono hutafuta majani mawili na chipukizi, huyaacha yaliyokomaa, na hurudi kwenye mstari uleule baada ya wiki moja au mbili. Mashine hukata kila kilichozidi kimo ilichowekewa, kibichi na kigumu pamoja, ndiyo maana huhitaji michai iliyopogolewa hadi uso wake ukawa sawa, na ratiba inayojua lini chipukizi zitafika kimo hicho. Ratiba hutegemea mvua na joto. Baridi ya Julai huuchelewesha ukuaji, na mvua ya mawe, ambayo Kericho na Nandi wanaijua vizuri, inaweza kuiharibu ndani ya dakika chache. Nyingi ya chai ya Kenya husagwa na kuraruliwa kiwandani ili iishie kwenye vifuko, kwa hiyo mnunuzi wa mnada wa Mombasa huvumilia jani lisilochaguliwa kwa uangalifu kuliko angevumilia anayetaka chai ya majani. Weka mambo hayo pamoja, kisha uliza ni kilo ipi iliyo rahisi kuzalisha. Jibu ni mashine, na litabaki kuwa mashine kila utakaporudia hesabu.

Sitaki kuipuuza hoja ya makampuni. Bei ya chai mnadani hulipwa kwa dola, na haipandi kwa sababu tu maisha ya Kericho yamepanda. Uchumaji nao si kazi ya kuimbiwa sifa na mtu asiyeifanya. Kikapu hubebwa mgongoni siku nzima, kwenye umande na kwenye jua, na malipo hufuata kilo. Waliowahi kuchuma chai kwa kampuni ya James Finlay walifungua kesi hadi Edinburgh, Scotland, wakidai kazi hiyo iliwaharibu mgongo. Anayetetea mikono kwa kuwa ni mikono anapaswa kuwajibu watu hao. Mimi sitetei kikapu. Namtetea aliyekibeba.

Na aliyekibeba Kericho ana dai ambalo mfanyakazi wa ghala la Chicago hana. Ardhi ile ilichukuliwa kutoka kwa Wakipsigis na Watalai chini ya ukoloni wa Kiingereza. Sheria ya mwaka 1934 iliwahamisha Watalai kwa nguvu hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Uhuru ulipokuja, mashamba hayakurudishwa. Kilichobaki kuwaunganisha wenyeji na utajiri uliokuwa ukitoka katika ardhi hiyo kilikuwa ajira, pamoja na nyumba, zahanati na shule zilizofuatana nayo. Yalikuwa mapatano dhaifu, tena hayakuandikwa popote, lakini watu waliyaishi. Mashine inapoondoa ajira na kuacha ua pale pale, mapatano hayo yanavunjwa na upande mmoja. Hasira ya Mei 2023 haieleweki bila historia hiyo, na hakuna kielelezo cha mavuno kitakachoionyesha.

Kwa mkulima mdogo mambo ni tofauti. Wakulima zaidi ya laki sita huuza majani yao kupitia KTDA, kampuni inayosimamia chai ya wakulima wadogo, na baadhi yao wameanza kununua mashine ndogo. Mashine ikimwokolea mkulima siku mbili, siku hizo ni zake, na akiba ni ya nyumba yake. Aliyeweka lengo na anayeishi na matokeo yake ni mtu mmoja. Katika mashamba makubwa, mwenye kuweka lengo amekuwa akibadilika kuliko mazao yenyewe: mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuuza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC, na miaka miwili baadaye yakatangazwa makubaliano ya kuyahamishia mashamba ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka. Mchumaji amebaki Kericho. Wanaomhesabu wamehama kutoka London hadi Colombo.

Je, hesabu inaweza kuandikwa vingine? Inaweza, na Marsabit ni ushahidi. Januari 2010, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na wenzake walianzisha huko bima ya mifugo inayoongozwa na setilaiti. Setilaiti hupima ukijani wa malisho; ukijani ukishuka chini ya kiwango, mfugaji hulipwa bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwanzoni lengo lilikuwa kukadiria ni mifugo mingapi itakufa na kumlipa mwenye nayo. Fidia za kwanza zilitoka Oktoba 2011, ukame ukiwa umekwisha kufanya kazi yake. Baadaye wakabadili lengo: fidia itoke mapema, malisho yanapoanza kukauka, ili mfugaji anunue majani na maji ng'ombe wakiwa bado wamesimama. Serikali ya Kenya ilipoanza mpango wake Wajir na Turkana mwaka 2015, iliufuata mtindo huo wa kuokoa badala ya kufidia. Setilaiti iliendelea kutazama ukijani uleule. Kilichobadilika ni swali ambalo picha zake zilitakiwa kulijibu, na badiliko hilo lilitosha kumtofautisha mfugaji anayelipwa baada ya zizi kubaki tupu na anayelipwa zizi likiwa na mifugo.

Bima hiyo ina kasoro inayoniuma. Setilaiti huona kijani, haiulizi kama mbuzi anaweza kukila. Mti wa mathenge hubaki na majani wakati nyasi zimekwisha, na mfugaji mwenye mifugo inayokufa anaweza kuambiwa kwamba eneo lake lina malisho. Utabiri ukikosea kwa namna hiyo, anayebeba hasara ni aliyelipa bima kwa kuuza mbuzi wake mmoja. Palipaswa kuwa na sharti hapo: mfugaji awe na mahali pa kupinga jibu la setilaiti, na mtu mwenye mamlaka aende kuangalia.

Rwanda nayo imeonyesha jambo. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline husafirisha damu kutoka Muhanga kwenda hospitali za vilimani. Zamani kila hospitali ililazimika kukisia itahitaji damu ya kundi gani na kiasi gani, na chembe za kugandisha damu hudumu siku tano tu hivi. Akiba ilipowekwa mahali pamoja, makosa ya kukisia ya hospitali moja yalifidiwa na mahitaji ya nyingine. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet Global Health mwaka 2022 ulieleza kwamba damu iliyomwagwa kwa kupitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67. Ni mtambo uleule wa kutabiri na kujiendesha, ila serikali ndiyo iliyoweka lengo, na lengo lilikuwa mgonjwa apate damu.

Anayedhani masharti huua ubunifu atazame California. Amazon ilinunua kampuni ya roboti ya Kiva mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 ikatangaza kuwa na roboti zaidi ya milioni moja katika maghala yake. Katikati ya ukuaji huo, jimbo hilo lilitunga sheria iliyoanza kutumika Januari 2022: mwajiri wa ghala amweleze mfanyakazi kiwango cha kazi anachopimwa nacho, na kiwango hicho kisimzuie kula, kupumzika wala kwenda msalani. Inasikitisha kwamba ilihitajika sheria ili mtu mzima aende msalani. Lakini tazama ilivyofanya kazi: haikupiga marufuku roboti hata moja. Ililiondoa jambo moja upande wa gharama na kulihamishia upande wa sharti.

Jopokazi la Kericho lilijaribu kitu cha aina hiyo. Lilipendekeza asilimia 60 ya uchumaji ifanywe kwa mashine na 40 kwa mikono, na uingizaji wa mashine uwekewe mipaka ya kisheria. Naliheshimu pendekezo hilo, ila nadhani limelifunga sharti mahali pasipofaa. Uwiano wa 60 kwa 40 unalinda kiasi cha kazi ya mikono, haumlindi mtu. Kampuni inaweza kuutimiza kwa vibarua wa msimu wanaobadilishwa kila mara, huku mwanamke aliyechuma miaka ishirini akiwa amekwisha kuondoka kwenye nyumba ya kampuni bila kitu.

Sharti lifungwe kwenye utabiri wenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, humtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe taarifa kwa chama chao na kwa afisa wa kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, na alipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Mwezi mmoja! Kampuni inayokadiria mavuno ya misimu ijayo, inayoagiza mashine ng'ambo, inayopogoa michai mapema ili uso wake uwe sawa, ilijua zamani nani hatahitajika. Kama inaweza kutabiri chipukizi, inaweza kutabiri na kumwambia mwenye kuzichuma. Tena kuna wale ambao kifungu hicho hakiwagusi kabisa: kibarua wa msimu hapunguzwi kazi, haitwi tena tu.

Kwa hiyo kifungu hicho kifanyiwe marekebisho. Taarifa itolewe mwaka mmoja kabla mashine haijaanza kazi, ikiwa na idadi ya watakaoguswa. Misimu ya kibarua ihesabiwe kama utumishi. Sehemu ya akiba inayotokana na mashine, ambayo kampuni inaijua hadi senti, iende kwa walioondolewa na kwa ushirika wa wenyeji kwa miaka kadhaa. Hili si jambo geni Kericho. James Finlay ilipokubali mwaka 2023 kuiuzia Browns mashamba yake, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa zitatengwa kwa ushirika wa wenyeji. Hiyo ni njia ya kumweka mwenyeji ndani ya lengo lenyewe, naye apate faida mashine inapofanya kazi vizuri.

Wabunge wa Kericho, Bomet na Nandi waipeleke hoja hiyo bungeni wao wenyewe, bila kusubiri moto mwingine, kwa kuwa wapiga kura wao ndio wanaoondolewa shambani. Nacho chama cha wafanyakazi kidai kuonyeshwa makadirio ya kampuni kabla ya kukaa tena mezani kuzungumzia mishahara.