Rahisi Huvunja Upishi: Tusome Kibandiko Kabla ya Kulipa

Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijaanza, baba mmoja wa Baraka alitukaribisha kwake. Alituonyesha kwa furaha kiyoyozi alichonunua, yaani mashine ya kupoza hewa ya chumba, iliyokwisha kutumika ng'ambo. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya mpya. Tuliporudi baada ya miezi mitatu, tulimkuta akitafuta mtu wa kuinunua. Mashine haikuharibika. Iliyomshinda ni petroli. Fedha ya minervali ya kijana wake wa sekondari ilikuwa imekwisha kuchomwa katika jenereta.

Je, alikosa kwa kutamani ubaridi? Hata kidogo. Ndugu zetu wa Fizi, walioko juu milimani, hujifunika blanketi usiku. Lakini Baraka iko ukingoni mwa ziwa Tanganyika, na chini ya mabati joto la mchana hukaa hata usiku wa manane. Kosa lake ni kwamba aliuliza bei ya kununua, asiulize bei ya kutumia.

Yafaa tujue kwanza kazi ya mashine hii. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la chumbani na kulitupa nje, kama mvuvi akumbavyo maji katika mtumbwi wake. Wavuvi wawili waweza kukumba maji sawasawa, lakini mmoja huchoka mapema kwa sababu kata yake imetoboka. Vivyo hivyo mashine mbili zaweza kupoza chumba kimoja sawasawa, na moja ikala umeme mwingi kuliko mwenzake.

Twaitambuaje? Ubavuni mwa mashine hubandikwa kibati chenye namba. Namba moja huandikwa BTU: ndiyo nguvu ya kupoza kwa saa. Nyingine huandikwa wati: ndiyo umeme unaoliwa. Gawanya ile ya kwanza kwa ya pili. Wanafunzi, shikeni kalamu. Mashine ya BTU 9,000 ikila wati 1,000, jibu ni 9. Nyingine ya BTU 9,000 ikila wati 750, jibu ni 12. Jibu kubwa ndilo jema.

Tofauti ya wati 250 yaonekana ndogo. Lakini mashine hizo zikifanya kazi kwa nguvu zote saa 8 kila usiku, tofauti ni uniti 2 za umeme. Kwa siku 30 ni uniti 60. Jenereta ndogo ya nyumbani, hata ikiwa nzima, ni shida kutoa zaidi ya uniti 2 kwa lita moja ya petroli. Basi mwenye mashine mbaya huchoma lita 30 zaidi kila mwezi, au zaidi ya hapo, asipate ubaridi wowote wa ziada. Kila nyumba na ipige hesabu yake kwa bei ya petroli ya sokoni.

Serikali kadhaa zimewarahisishia watu wao hesabu hii. Kenya, kwa kanuni za mwaka 2016, yataka vibandiko vyenye nyota 1 hadi 5. Nyota zikizidi, umeme unaoliwa hupungua. Ghana nayo hutumia nyota. Ulaya hutumia herufi na rangi: kijani ni heri, nyekundu ni hasara. Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, tulinganishe mashine za ukubwa mmoja tu, kwa maana mashine kubwa yenye nyota 5 yaweza kula kuliko ndogo yenye nyota 3. Pili, nyota za nchi moja si kipimo cha nchi nyingine. Palipo na mashaka, turudi kwenye kugawanya.

Tusome pia jina la gesi. Ikiandikwa R-22, tuiache. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na ukali wa jua, na kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 mataifa yanaiondoa. Nchi zinazoendelea zapaswa kuiacha karibu kabisa ifikapo 2030. Anayeinunua leo, kesho atatafuta gesi ya kujaza asiipate.

Labda mama mmoja atasema: «Sisi hatuna kiyoyozi, tuna paneli moja ya jua juu ya nyumba.» Mama, somo hili ni lako kuliko la tajiri. Friji, televisheni na taa, vyote vina kibati chenye wati. Mwenye umeme kidogo ndiye apaswaye kuuhesabu zaidi. Na kabla ya mashine yoyote, tuweke dari chini ya mabati, tupande mti upande wa jua la alasiri, tufungue madirisha upepo wa ziwa uingie. Hivyo havidai petroli.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Mzazi aendaye sokoni kununua mashine na amchukue mtoto wake asomaye, amwambie: «Mwanangu, nisomee namba hizi, ugawanye.» Hesabu hiyo ya dakika moja yaweza kumwokolea mtoto huyo mwaka mzima wa shule.