Permi ya motokari haivuti remorki

Mutu anayefanya kazi mu mine anajua sheria moja tangu siku ya kwanza: hapana kupanda juu ya mashini ambayo haukujifunza. Hata kama umeongoza motokari yako miaka 20 mu Lubumbashi pasipo kugonga mutu, hawatakupa funguo ya kamyo ya kubeba mawe. Wanakupeleka kwanza mu formasio, wanakupima, kisha wanakupa permi ya ndani. Ukikamatwa juu ya mashini pasipo ile karata, ni kufukuzwa. Hakuna mutu anayesema ile sheria ni mbaya. Kila mumoja anajua juu ya nini iko.

Jioni, mutu yule yule anatoka ku baryeri, anapanda basi ya kurudi nyumbani. Mu barabara ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, basi yake inapishana na kamyo zilizobeba shaba, asidi, mazutu, moja nyuma ya ingine, mpaka Kasumbalesa. Shofere wa ile kamyo, nani alimupima? Alijifunza kuvuta remorki wapi? Njo swali tunaliweka leo mbele ya wasomaji wetu, juu damu inayomwangika mu ile barabara ni ya watu wetu.

Sheria iko. Kode ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inagawanya permi kwa herufi, sawa na Mapatano ya Vienne ya 1968 yanayofuatwa na inchi nyingi. A ni ya pikipiki. B ni ya motokari ndogo: uzito usipite kilo 3.500, na viti visipite 8 pasipo kuhesabu kile cha shofere. C ni ya kamyo inayopita zile kilo. D ni ya basi. E ni ya kuvuta: semi-remorki na remorki nzito. Na E haitembei peke yake. Inakuja juu ya permi ya motokari inayovuta. Mwenye E pasipo C hawezi kuvuta semi, sawa vile mutu hawezi kuweka bati mbele ya kusimamisha ukuta.

Wengi wanasema: "Ile ni mambo ya washofere wa kamyo, mi niko na pick-up tu." Tuhesabu pamoja. Mwenye B anaruhusiwa kuvuta remorki ndogo, isiyopita kilo 750 pamoja na mizigo yake. Kitanki cha lita 1.000 kikijaa, yale maji peke yake ni kilo 1.000, mbele ya kuhesabu chuma na magurudumu. Kompresere kubwa ya kutobolea mawe, ile tunaonaka imefungwa nyuma ya Toyota kwenda ku karyeri, nayo inapitaka kilo 750. Kijana anayeivuta na permi B yuko inje ya sheria, hata kama polisi wa rulaji wamemuachilia apite.

Na sheria haikuandikwa juu ya kusumbua watu. Remorki iko na akili yake. Ukirudi nyuma na kupeleka usukani kushoto, yenyewe inaenda kuume. Ukikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanakata ndani, pale anapopita mutu wa kinga aliyepakia makala. Ukikanyaga freni kwa nguvu wakati barabara imelowa, remorki inaweza kusukuma kichwa mpaka vyote viwili vinajikunja kama kisu cha kukunja. Mu mutelemuko, shofere asiyejua kushika vitesi vya chini anabakia na mguu juu ya freni. Freni zinapata moto, zinachoka, na kule chini kuko soko. Tanki ambayo haikujaa nayo ni hatari ingine: kitu kilicho ndani kinakimbia mbele na nyuma, kinasukuma kamyo wakati shofere anazania amekwisha kusimama. Mambo haya mutu hajifunzi mu motokari ndogo.

Kuko tena jambo la mupaka. Zambia na Tanzania wanatembea kushoto, sisi tunatembea kuume. Kamyo nyingi zinazoingia ku Kasumbalesa ziko na usukani upande wa kuume. Shofere akitaka kupita mwenzake huku kwetu, haoni vizuri kitu gani kinakuja mbele mpaka atoe kwanza kichwa cha kamyo mu njia ya wengine. Mwenye kujifunza anajua kungojea. Mwenye kununua permi anajaribu bahati, na bahati ile ni maisha ya wengine.

Mu Februari 2019, kamyo ya asidi iligongana na motokari zingine ku Kabwe, mu barabara ya katikati ya Kolwezi na Lubumbashi. Watu karibu 20 walikufa, na wengine waliunguzwa na asidi. Hatuandiki hii juu ya kuhukumu shofere wa ile siku. Tunaandika juu ya kukumbusha kipimo: kosa la shofere wa motokari ndogo ni kubwa, lakini kosa lile lile juu ya kamyo ya tani makumi linaweza kumaliza kijiji.

Tuseme sasa kile kila mutu anajua. Kuko komisioneri anayekuambia: "Leta foto na feza, kesho kutwa uko na yote, A mpaka E." Hakuna kamyo ya kujaribu, hakuna kurudi nyuma katikati ya miti, hakuna swali hata moja. Familia inauza frigo, inachukua feza ya likelemba, inamupatia mutoto ile permi, inafurahi: amepata kazi! Kisha siku ya ajali, ile karata haijibu. Tribinali inauliza alijifunza wapi. Kampuni ya asiransi inatafuta sababu ya kukataa kulipa. Patro anasema alidanganywa. Mutoto anabakia peke yake mu boloko, na deni ya likelemba inabakia ku nyumba.

Lakini tuwe watu wa haki, kuko upande wa pili. Wazee wengi walianza kama boyi-shofere, wakilala chini ya kamyo, wakibadilisha pineu usiku, mpaka siku moja shofere akawaachia usukani. Wale wanajua kazi kuliko wengi wenye karata. Kinachowapungukia ni herufi moja tu. Hatuombi wafukuzwe. Tunaomba wapimwe juu ya kamyo ya kweli, na kama wanaweza, wapewe E yao kwa bei ya serkali, pasipo matabishi.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kampuni za mine, ninyi munaombaka permi ya ndani kwa kila mashini. Ombeni vilevile kwa kila kamyo inayoingia kuchukua shaba au kuleta asidi, hata kama ni ya sous-traitant. Hapana kuangalia karata tu: mupeni shofere kamyo yake, arudi nyuma, afunge na kufungua remorki, mbele ya mutu anayejua. Baryeri yenu haiko mwisho wa ulinzi. Kamyo ikipita pale, inaingia mu vijiji vyetu na mizigo yenu.

Kwa wakubwa wa serkali: CONADEP imepewa kazi ya kutoa permi, CNPR imepewa kazi ya kuzuia ajali. Watu wanataka kuona hizo kazi mbili zikishikana mikono. Permi ya E iliyotolewa pasipo mutihani wa remorki ni uongo wenye muhuri.

Na kwa familia, tunasema kwa upole. Papa, mama, tunajua kazi ni ngumu kupata, na kijana wa miaka 22 haoni juu ya nini aanze na C, akae kwanza ku upande wa shofere, angojee. Mutieni moyo angojee. Ile feza ya komisioneri, ilipie formasio. Mule mu mine munakubali kupimwa mbele ya kugusa mashini, juu munataka kurudi nyumbani wazima. Barabara inayowarudisha nyumbani nayo inaomba sheria ile ile.