Jirani Ambaye Bado Hajahamia

Tangazo la mradi likishabandikwa kwenye uzio wa mabati huko Kileleshwa, Kilimani, Lavington au Westlands, wakazi wa Nairobi hujua la kufanya. Kundi la WhatsApp la mtaa huchemka usiku huohuo. Chama cha wakazi huitisha mkutano, wakili hutafutwa, barua hupelekwa kwa kaunti na kwa NEMA. Jengo lenyewe tumeshalizoea: maduka na supamaketi chini, ofisi juu yake, kisha nyumba za kuishi ghorofa juu ya ghorofa, pale ambapo jana palikuwa na nyumba moja, bustani na mjakaranda. Wakazi wa Barabara ya Rhapta, Westlands, waliufikisha ubishi wa namna hii hadi Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sisi tunaotumwa parokiani kwa utume wa Jumapili, karatasi za saini hutukuta nje ya kanisa baada ya Misa. "Bruda, mbona hamtii saini?" Swali ni la haki, nasi tunalijibu hapa kwa kirefu kuliko inavyowezekana mtu akiwa amesimama mlangoni.

Kwanza, wakazi hawa si maadui wa maendeleo, ingawa wawekezaji hupenda kuwaita hivyo. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika Kifungu cha 10, na Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinaenda mbali zaidi: anayeitetea haki hiyo mahakamani halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Anayepinga jengo kwa njia hiyo anafanya kazi ya raia.

Tena hoja zao nyingi ni za kweli kabisa. Mabomba ya majitaka yaliyotandazwa kwa ajili ya nyumba za familia moja moja hayawezi kubeba uchafu wa mamia ya familia kwa sababu tu mtu amepata kibali. Bwawa la Ndakaini, linaloipa Nairobi sehemu kubwa ya maji yake, lilikamilika mwaka 1994, na watu wameongezeka mno tangu hapo. Mgao wa maji tunaujua sote. Maboza yanapanga foleni, visima vinachimbwa kila ploti, na njia nyembamba inajaa magari kuanzia alfajiri. Papa Pius XI, katika Quadragesimo Anno ya mwaka 1931, alifundisha kanuni ya auni: kazi ambayo jumuiya ndogo inaiweza, kubwa isiinyang'anye. Harufu ya majitaka humfikia mkazi wa pale kabla haijamfikia ofisa yeyote wa mipango, kwa hiyo ana la kusema.

Jambo linalotuuma zaidi ni kwamba kinga hii haijagawanywa sawa. Pipeline, kule Embakasi, maghorofa yamebanana hadi watu huwasha taa saa sita mchana. Huruma, tarehe 29 Aprili 2016, jengo la wapangaji liliporomoka usiku wa mvua na kuua karibu watu 50. Huko nako palihitajika watu wa kuuliza nani ametoa kibali na nguzo zina nondo kiasi gani. Lakini mpangaji anayelipa kodi ya mwezi kwa mwezi hana wakili, na akiuliza sana anaambiwa ahame. Msongamano wa mji huu ulikwenda kwanza kwa wasio na uwezo wa kuukataa.

Hadi hapo tungetia saini. Ila mkutano haujaisha. Baada ya hoja ya maji na hoja ya barabara, mtu husimama na kuuliza, "Na hawa watu wa bedsita watatuletea nini?" Mwingine anasema hadhi ya mtaa itashuka. Ukumbi unatikisa kichwa kukubali, na hapo hatuzungumzii tena mabomba.

Swali hilo lina ukoo wake. Nairobi ya wakoloni iligawanywa kwa rangi: Wazungu kwenye vilima vya magharibi, Wahindi Parklands na Ngara, Waafrika Pumwani, Kaloleni na Shauri Moyo. Uhuru uliiondoa rangi katika mgawanyo huo, lakini ukubwa wa ploti ulibaki. Wakatoliki nasi tumo katika historia hii. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1899 wakaanzisha misheni ya St. Austin, wakapanda kahawa pale ambapo leo ni Lavington. Mtaa huo ulikuwa shamba. Watu waliopo leo nao walihamia, kama watakavyohamia wengine.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alikubali kwamba mtu anaweza kumiliki mali yake binafsi. Alilisema hilo ndani ya swali lilelile analojadili wizi, na hapohapo akaongeza kwamba katika matumizi mtu avihesabu vitu hivyo kuwa vya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Papa Fransisko naye, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja mitaa mizuri ya kijani iliyofungiwa ili wa nje wasiivuruge starehe yake. Tukisoma hapo tunaona geti na kizuizi cha barabara tunavyovipita kila Jumapili.

Wa nje hao ni akina nani? Kila asubuhi wafanyakazi wa nyumbani, mabawabu na watunza bustani hutembea kwa miguu kutoka Kawangware kwenda Lavington. Wanajua mbwa wa nani ni mkali na mtoto wa nani ana pumu. Saa kumi na mbili jioni wanarudi walikotoka. Si wageni hata kidogo. Kosa lao ni kutaka kulala wanapofanya kazi, na mkutano unapoitishwa hawana kiti, kwa sababu kiti ni cha mkazi.

Mwekezaji asije akalikata gazeti hili na kulibandika ofisini kwake. Majengo mengi yanayopanda Kileleshwa hayajengwi kwa ajili ya dada wa Kawangware. Bei ya nyumba moja humo hataifikia kwa mshahara wa maisha yake yote. Kumtaja yeye ili kupata kibali, kisha kumjengea mtu mwingine, ni udanganyifu.

Kwa hiyo tunapoletewa karatasi tunauliza kila pingamizi swali moja: mabomba yakipanuliwa, maji yakipatikana, barabara ikitengenezwa, bado utapinga? Ukisema hapana, tupe kalamu. Ukisema ndiyo, basi unampinga mtu ambaye hujamwona.

Kuna waamini watakaotukumbusha kwamba sisi tunaoandika haya tunalala kwenye uwanja mpana wenye viwanja viwili vya mpira na shamba la migomba. Ni kweli. Majimbo na mashirika ya kitawa yana ardhi mijini, na tungependa mapadre wetu nao waulizwe kwa sauti ileile ya chama cha wakazi, nusu ekari hii inangoja nini.

Kwa sasa, maoni yanayopelekwa NEMA si lazima yawe ya kukataa tu. Chama cha wakazi kinaweza kuandika humo ukubwa wa bomba kinaoutaka kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Kinaweza pia kuandika ni nyumba ngapi katika jengo hilo zitengwe kwa kodi ambayo bawabu wa geti lao anaweza kuilipa, na kumuuliza bawabu mwenyewe ni kiasi gani.